Kioo cha Chumbani kwa Mama

Ukimwalika nyumbani kwako, usitegemee atasifia makochi. Atasimama mlangoni, atavua viatu kwa adabu zote, halafu atainua uso na macho yake yatakwenda moja kwa moja pale ukuta unapokutana na dari. Wewe unamwambia karibu, yeye anaitikia kwa mdomo tu, maana akili imeshapanda juu inapiga hesabu. Siku ya harusi ya mdogo wake, watu wanamshangilia bibi harusi, yeye alikuwa pembeni anaigonga nguzo ya ukumbi kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Mtaani wakamwita Bwana Nyufa. Mama mkwe wake, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alikuwa akiwaambia majirani, "Mkwe wangu mimi haniangalii usoni, anaangalia dari. Nadhani binti yangu alimpa nyumba, siyo mke." Na yeye mwenyewe alikuwa akicheka mpaka machozi.

Alikuwa mhandisi wa miundo. Wengi hawajui hiyo ni kazi gani, na siwalaumu sana, maana hata jirani yangu mwenye vyeti vyake ukutani alidhani ni mtu wa kuchora ramani. Siyo. Mchora ramani anakupa nyumba ya kuipenda, na fundi anakujengea. Mhandisi wa miundo anakuja na swali moja tu, tena la kuudhi: huu mzigo unashukia wapi? Bati lina uzito. Tangi la maji lina uzito. Kabati, kitanda, shangazi aliyekuja kukaa wiki mbili akakaa miaka mitatu, wote wana uzito, na uzito huo lazima ushuke, kutoka sakafu ya juu hadi kwenye boriti, kutoka boriti hadi kwenye nguzo au ukuta, kutoka ukuta hadi kwenye msingi, na msingi uukabidhi kwa udongo. Yeye anaifuata njia hiyo hatua kwa hatua akitafuta mahali inapokatika.

Sasa watu wanamwita lini? Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Wanamwita wakati ukuta umeshabomolewa ili sebule iwe kubwa na dari imeanza kushuka tumbo. Wanamwita wakati ghorofa imeshapandishwa juu ya msingi uliochimbwa kwa ajili ya chumba na sebule. Jamani! Mtu akitaka kukata gauni la elfu mbili anapima mara tatu, lakini akitaka kukata ukuta unaobeba nyumba nzima anachukua nyundo tu. Na huyu bwana hakuwa mtu wa kutisha watu bure. Ule ufa mwembamba wa plasta, kama unywele, alikuwa akiucheka na kukuambia nenda kalale. Lakini ufa unaopanda kimshazari, unaofuata viungo vya matofali kama ngazi, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri jana na leo unakwaruza, hapo hakucheka. Alisema mlango ukianza kugoma mwite mhandisi kabla hujamwita seremala.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la cherehani. Meza moja, viti viwili, na rafu iliyojaa vipande vya zege na nondo zilizoliwa na kutu, kila kimoja na karatasi yake ndogo: kimetoka wapi, mwaka gani, kosa lilikuwa nini. Miaka thelathini ya makosa ya watu ilikuwa imekaa pale inakusanya vumbi. Kosa lake yeye halikuwepo kwenye rafu, na alikuwa akijua hivyo, na nadhani kidogo alijivunia.

Basi, alisafiri kikazi miezi minne. Kurudi, akakuta nyumba ya mama mkwe wake imeota ghorofa.

Aliyeipandisha ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Nia yake ilikuwa njema kabisa, nataka hilo lieleweke. Mama alikuwa anazeeka, miguu inavimba, anaishi peke yake, na kijana akaona bora ahamie kwa mama na mkewe na watoto wake. Kiwanja kidogo, pa kupanuka hakuna, basi akaenda juu. Alimwita fundi. Fundi akauzunguka ukuta, akaupiga teke kwa kisigino, akasema, "Nyumba hii jiwe, bosi. Hii hata ghorofa tatu inabeba." Upimaji wote ulikuwa huo, kisigino. Na kwa nini hakumsubiri shemeji yake, mtu wa kazi hiyo hiyo, wa nyumba hiyo hiyo? Kwa sababu alijua atakachoambiwa. Mtu anayejua jibu hapendi kuuliza.

Bwana Nyufa alisimama barabarani na begi lake la safari mkononi. Juu ya ile nyumba ndogo aliyoizoea kulikuwa na sakafu ya zege, vyumba vitatu, na juu kabisa tangi la maji la rangi nyeusi. Mkewe alikuwa amesimama pembeni yake.

"Ulijua?" akamuuliza.

"Nilijua," mkewe akasema. "Mama alisema tusikusumbue huko uliko."

Kesho yake asubuhi akaenda na begi la kazi. Alichimba pembeni ya msingi kwa mikono yake, akaufikia mwisho wake kabla hata mkono haujazama hadi kwenye kiwiko. Aligonga kuta, akakuta matofali matupu ndani. Hakukuwa na boriti ya kufunga kuta kwa juu wala nguzo kwenye kona. Alikuta ufa mmoja jikoni, mmoja sebuleni, na mbili ukumbini, zote zinapanda kimshazari. Akapiga picha, akapima upana, akaandika kwenye daftari. Halafu akafika kwenye mlango wa chumba cha mama mkwe, akasimama.

Hakuna aliyemzuia. Hakukuwa na mtu amekaa pale na fimbo. Lakini mtu haingii chumbani kwa mama mkwe wake, basi. Miaka ishirini na sita ya ndoa alikuwa hajawahi kuona kitanda chake kimeelekea upande gani. Na mama mwenyewe alikuwa amesimama jikoni anajifanya anapanga vikombe, hasemi ingia, hasemi usiingie. Bwana Nyufa akamgeukia mkewe kwa sauti ya chini.

"Ingia wewe, unitazamie."

Mkewe akaingia, akatoka. "Kuna ufa nyuma ya kabati."

"Mpana kiasi gani?"

"Kidole hakiingii."

Akaandika: kidole hakiingii. Huyu mtu aliyewahi kumfukuza msaidizi wake kwa kumletea kipimo cha kusikia, akaandika kipimo cha kusikia. Na ukuta ule ndio alioujua kuwa unabeba zaidi kuliko wote, maana tangi lilikuwa limekaa juu yake sawasawa.

Jioni wakakaa sebuleni, mama, mwanawe, binti yake na mkwe. Bwana Nyufa akasema alichokuwa nacho. Ghorofa ile ishushwe, na mpaka ishushwe, mama asilale humu.

Shemeji alimkodolea macho. "Shemeji, unataka kuniambia nimemjengea mama yangu kaburi?"

Hebu niambie, swali kama hilo unalijibuje mbele ya mama mtu? Ingekuwa nyumba ya mtu baki angejibu ndiyo, halafu angeketi palepale mpaka aone virago vinatoka. Alishawahi kufanya hivyo kwa mfanyabiashara mmoja mkubwa, akatukanwa, akakaa. Lakini hapa yeye alikuwa mkwe. Mkwe anapewa kiti kizuri, anapewa kikombe kisicho na ufa, lakini kauli ya mwisho hapewi.

"Mimi sihami," mama akasema. "Humu nimezaa wote wanne, na wawili nimewazika kutoka humu. Nihamie wapi, nikawe mgeni?"

Ndipo Bwana Nyufa akafanya jambo ambalo alikuwa akiwakataza wengine maisha yake yote. Akatafuta njia ya katikati. Alisema tangi limwagwe maji leo hii, juu kusiongezwe hata tofali, na yeye ataweka vioo kwa miezi mitatu. Kioo hata kimoja kikivunjika, siku hiyo hiyo wote wanatoka, hakuna mjadala. Wote wakakubali, tena haraka, kama watu walioponea chupuchupu. Shemeji akamshika mkono akamshukuru.

"Vioo vya kujitazamia?" mama akauliza. "Sura yenyewe hii?"

"Vya kuutazama ukuta, mama." Akamweleza. Ni kipande chembamba cha kioo, urefu wa kidole. Unakilaza juu ya ufa, unakibandika kwa saruji ncha hii na ncha ile, unaandika tarehe. Kioo hakivutiki. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa karatasi, chenyewe kinapasuka, nawe umejua. "Kwa hiyo ni mlinzi," mama akasema. "Ndiyo mama, ni mlinzi. Naomba ukitunze."

Hilo neno, ukitunze, lilimtoka hivi hivi tu.

Vioo vinne akavibandika mwenyewe. Cha tano, cha chumbani, alikibandika mkewe, yeye akiwa amesimama ukumbini ameupa mlango ubavu, anatoa maelekezo kama mtu anayemfundisha mwenzake kuendesha gari kwa simu. Saruji ya unga iliyobaki wakaiacha kwenye kopo jikoni.

Kila Jumamosi alipita. Alitazama cha jikoni, cha sebuleni, na vile viwili vya ukumbini, vyote vizima. Kisha anaketi, analetewa chai, anauliza, "Mama, na kile cha chumbani, kizima?"

"Kizima, mwanangu."

Mara mbili mkewe alichungulia, na kweli, kilikuwa kizima. Basi kwenye daftari, wiki hadi wiki: chumba cha mama, kizima. Ikafika wiki ya kumi, akaanza kulala usingizi. Akamwambia mkewe huenda aliogopa kupita kiasi, huenda udongo wa pale ni mgumu kuliko alivyodhani. Mkewe akafurahi sana. Akapika vizuri siku ile.

Wiki ya kumi na moja, Jumanne asubuhi, akiwa ofisini anachonga penseli, simu ikaita. Shemeji.

"Shemeji, samahani kukusumbua. Mlango wa chumbani kwa mama umegoma. Yuko ndani, hawezi kutoka. Nimeshaupiga bega mara mbili, haukubali."

Penseli ilimponyoka. "Usiuguse! Unanisikia? Usiuguse huo mlango! Juu kuna nani?"

"Hakuna, watoto wako shule."

"Usipande. Nakuja."

Alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona, akamshika dereva mabega kama mtoto, hakumbuki njia waliyopita. Alipofika, shemeji alikuwa ukumbini ameshika shoka.

"Weka chini hilo," Bwana Nyufa akasema. "Mlango haukugoma. Mlango umebeba." Akamwonyesha fremu ilivyopinda juu. Linta, ile boriti fupi inayolala juu ya mlango, ilikuwa imeshuka, na ule mlango, mbao mbili na bawaba tatu, ulikuwa umegeuka nguzo. "Ukiuvunja huu umeishusha ghorofa yako kichwani kwake." Shemeji akaliweka shoka chini taratibu, kama lingeweza kuamka.

Bwana Nyufa akainama kwenye tundu la ufunguo. "Mama, ni mimi. Uko mbali na kabati?"

"Nimekaa kitandani, mwanangu, wala usihangaike." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayesubiri maji yachemke. "Vumbi tu linadondoka."

"Linadondoka wapi?"

"Hapo hapo kwenye kioo chako. Nacho kimevunjika tena, unisamehe."

"Tena?"

"Hiki cha nne. Cha kwanza kilivunjika wiki ile ile mliyokiweka. Nikajua ni mimi na ufagio wangu, nilikuwa napangusa buibui. Nikaona aibu, mkwe wangu ameniachia kitu kimoja tu nikitunze, nacho nimekivunja. Nikaenda kwa fundi madirisha akanikatia kingine, nikakibandika na ile saruji ya kwenye kopo. Tarehe nikaiigiza, na vilivyofuata vilipovunjika nikafanya vivyo hivyo. Sikutaka nikuharibie kazi yako, mwanangu."

Alitaka kuegemea ukuta, akakumbuka ni ukuta gani, akabaki amesimama katikati ya ukumbi mikono imening'inia. Mama hakuwa amemdanganya. Kila Jumamosi aliuliza kama kioo ni kizima, na kila Jumamosi kilikuwa kizima. Vioo vinne katika wiki kumi na moja! Kimoja tu kingetosha kumtoa mama yule mle ndani hata kwa kubebwa mgongoni. Akajikaza kisabuni, maana pa kulilia hapakuwepo.

Njia ilibaki dirisha. Lilikuwa nyuma ya nyumba, lina nondo nene za kuzuia wezi, na jirani wa tatu alikuwa fundi wa kuchomea vyuma. Akaja mbio na mashine yake ya kukatia, waya wakauvuta kutoka kwa jirani. Shemeji akaenda kutafuta stuli ya mama kukanyagia. Mashine ikaanza kulia, cheche zikaruka. Bwana Nyufa alikuwa ameweka kiganja ukutani, anausikiliza kwa ngozi. Kila nondo ilipokatika alisema, "Pole pole, fundi. Pole pole," na yule fundi, kijasho kikimtoka, akaitikia, "Nakwenda pole pole, mzee." Nondo ya mwisho ikang'oka. Wakaiondoa kama watu wanaoondoa mfupa kooni.

Ndipo, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, akakiona chumba cha mama mkwe wake. Kitanda cha chuma kimeelekea mlangoni. Kabati limesogezwa. Na ukutani, ufa ambao kidole hakikuingia, sasa ngumi ingeingia. Mchanga ulikuwa unachuruzika humo bila kukoma, mwembamba, mfululizo. Mama alikuwa amesimama karibu kabisa na dirisha, amevaa shimizi tu, mikono ameikunja kifuani.

"Mama, njoo. Nipe mkono."

"Hivi hivi?" Mama akarudi nyuma hatua moja. "Nitoke dirishani na shimizi mbele ya mkwe wangu? Geuka kwanza. Na wewe fundi, geuka."

"Mama, hakuna muda."

"Gauni liko hapo kwenye msumari. Nusu dakika tu, mwanangu. Geuka, baba."

Mkono wake alikuwa ameunyoosha ndani ya dirisha. Kutoka ncha ya vidole vyake hadi kwenye bega la mama hapakuwa na mahali pa kupitisha kiti. Angeweza kumshika kwa nguvu, kumvuta, kumchubua, kumwaibisha mbele ya mtaa mzima, naye angekasirika mwezi mzima na kumsema kwa majirani. Fundi wa kuchomea alikuwa ameshageuka. Bwana Nyufa akarudisha mkono, akageuka.

Alisikia miguu yake ikivuta kandambili. Alisikia msumari ukitoa mlio mdogo gauni lilipotolewa. Halafu nyuma yake kitu kikapumua, pumzi moja nzito, na upepo wa vumbi ukamsukuma akaanguka kifudifudi. Alipoinua kichwa, ghorofa ya shemeji ilikuwa imeketi chini, na dirisha halikuwepo.

Walimtoa saa nane mchana. Gauni alikuwa amelivaa mkono mmoja.

Msibani hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Shemeji alimkumbatia akalia begani kwake kama mtoto, akisema, "Ulisema, shemeji, ulisema, mimi ndiye niliyekataa." Yule fundi wa kisigino hakuonekana, simu yake ikawa haipatikani. Kina mama wakasikia habari ya gauni, na habari ikazunguka kwenye mikeka, na kila aliyeisikia akatikisa kichwa kwa heshima. Amekufa na stara yake, wakasema. Na mkwe naye, mtu wa adabu, amemheshimu mpaka dakika ya mwisho. Mzee mmoja alimfuata alipokaa, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia kijana wa namna yako siku hizi hapatikani. Bwana Nyufa aliuchomoa mkono wake, akanyanyuka akaondoka.

Mkewe alipokea wageni, alihesabu sahani, alikunja nguo za mama zilizopatikana. Walikuwa wakilala kitanda kimoja kama abiria wawili wasiojuana.

Mwezi uliofuata bodi ya wahandisi ikatuma watu wawili. Walikuwa waungwana, mmoja alikuwa amewahi kufundishwa kazi naye. Wakaleta fomu ndefu: msingi, kuta, mizigo, tarehe za ukaguzi, na kila chumba kwa nafasi yake. Walipofika kwenye chumba cha tatu, kile cha mama, yule mdogo akaiweka kalamu mezani.

"Hapa wanauliza nani alikikagua," akasema. "Mzee, mama watoto aliingia kwa maelekezo yako, si ndiyo? Andika hivyo. Alikagua mwanafamilia chini ya usimamizi wa mhandisi. Ni kweli tupu, na kibali chako kinabaki salama. Tutapita kesho kuichukua."

Wakaondoka. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Andika mimi," akasema. "Si niliingia mimi? Si mimi niliyesema kidole hakiingii?"

Bwana Nyufa akaivuta fomu. Kwenye nafasi ya chumba cha tatu akaandika kwa herufi kubwa zinazosomeka: HAKIKUKAGULIWA. Alijua maana yake. Miaka thelathini ilikuwa imekwisha hapo, kwa neno moja.

"Wewe uliingia chumbani kwa mama yako," akamwambia. "Wa kukagua nilikuwa mimi."

Mkewe akaja akaketi upande wa pili wa meza. Akaisoma fomu yote, taratibu, ukurasa hadi ukurasa, akaigeuza, akatazama nyuma.

"Hawajauliza kuhusu dirisha," akasema.

"Hawajauliza."

"Mimi nauliza." Hakupandisha sauti. "Uliujua ule ukuta kuliko mtu yeyote. Uliona mchanga. Kwa nini uligeuka?"

"Aliniambia nigeuke."

"Najua alikuambia. Angesema hivyo hata kwa kaka yangu. Mama ni mama." Akafuta meza kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu. "Ningekuwa mimi ningemvuta uchi."

Akainuka akaenda jikoni, na maji yakasikika yakifunguliwa. Bwana Nyufa akabaki na kalamu. Chini kabisa ya fomu palikuwa na mistari mitatu mitupu, imeandikwa juu yake maelezo mengine, ambayo watu huwa wanaiacha hivyo hivyo. Akaandika, kwa mwandiko ule ule wa daftari lake la kazi: Saa nne na dakika kumi asubuhi, marehemu akiwa hai na akiweza kufikiwa kwa mkono, mhandisi alimpa mgongo.